Maswali ya Ibuki

Kama kuna mahali duniani ambapo watu mia mbili na kumi na wanne wanaweza kukaa pamoja miezi saba bila hata mmoja kukohoa, basi ni kwenye baraza la mtandaoni la wauguzi wa shule, ambalo Nagumo Chizuru alikuwa mwezeshaji wake. Si kwamba hawakuingia. Waliingia kila siku saa kumi jioni, watoto wakishatawanyika, kwa nidhamu ya watu wanaopiga mswaki. Waliingia, wakasoma, wakaandika "Poleni na kazi," wakabandika kipicha cha paka anayeinama kwa heshima, wakatoka. Siku moja Chizuru alihesabu paka arobaini na wawili, mmoja chini ya mwingine, wote wameinama, kama foleni ya kutoa rambirambi. Marehemu, bila shaka, ni baraza lenyewe.

Maswali yaliyoulizwa tangu Aprili yalikuwa mawili. La kwanza, mtu alitaka kujua neno la siri linabadilishwaje. La pili, mtu yuleyule alitaka kujua swali la kwanza linafutwaje.

Na maswali yalikuwepo. Chizuru alilijua hilo kama mtu anavyoijua njaa yake. Shule moja, muuguzi mmoja, ndivyo kazi ilivyo. Mwalimu wa hesabu akikwama anageuza kiti na kumuuliza wa meza ya pili. Muuguzi akikwama ana vitanda viwili, pazia, jiko la mafuta ya taa na birika juu yake, na mlango ambao hajui utamletea nini. Chizuru alikaa nyuma ya mlango huo miaka tisa. Mwaka wa tisa, mapumziko ya mchana, akaletewa msichana wa darasa la nne aliyeanguka kutoka kwenye baiskeli ya gurudumu moja na kugonga kichwa. Msichana akasema haumwi. Akacheka, hata. Chizuru aliinua simu ampigie Mwalimu Tsukuda Fusae wa shule ya ng'ambo ya mto, mkongwe ambaye wauguzi wote wa mkoa walimwita mwalimu bila kuambiwa. Akatazama saa. Saa saba kasorobo. Atakuwa anakula, nitamsumbua. Akairudisha simu mahali pake, akampa msichana mfuko wa barafu na kitanda cha dirishani.

Gari la wagonjwa lilikuja saa tisa. Msichana alipona, isipokuwa sikio la kushoto, ambalo mpaka leo halisikii kitu. Chizuru aliacha kazi mwaka uleule. Kwa hiyo ofisi ya elimu ya mkoa ilipotangaza kwamba inatafuta mtu wa kuendesha baraza la wauguzi, mkataba wa mwaka mmoja, alituma maombi kabla hajamaliza kulisoma tangazo. Alitaka liwepo jambo moja tu duniani: mahali ambapo mtu anaweza kuuliza saa saba kasorobo bila kumsumbua yeyote.

Mwezi wa Novemba mkuu wa kitengo, Bwana Shiozaki, alimwita ofisini. Bwana Shiozaki ana tabasamu la kudumu, utadhani mama yake alimzaa nalo, na kwao huko habari mbaya hufungwa vizuri kama zawadi. Akamsifu kwa juhudi. Akamsifu kwa rangi za ukurasa. Kisha akasema kama kufikia mwisho wa Februari hakutakuwa na maswali thelathini ya kikazi kutoka kwa wanachama, basi Machi thelathini na moja, mwaka wa serikali unapokwisha, "itakuwa vigumu kidogo kuendelea." Mtu wa kuja angeshukuru kwamba ni vigumu kidogo tu. Chizuru, mzaliwa wa pale pale, alisikia misumari ikigongwa kwenye jeneza.

Alifanya kila alichojua. Aliweka mada ya wiki, wiki ikapita na mada yake. Aliweka sanduku la kuuliza bila jina, likakaa tupu kwa sababu kila mtu aliwaza kwamba wenzake watamtambua kwa ugonjwa wa mwanafunzi wake. Akawapigia simu mmoja mmoja, karibu sabini, na wote sabini wakamjibu kwa upole uleule: wao hawana swali la maana kiasi cha kula muda wa wenzao.

Rafiki yake, Muroi Kanae, muuguzi wa shule ya bondeni, mwanamke ambaye mdomo wake haujawahi kupewa likizo, alimwambia ukweli walipokuwa wakila tambi za moto karibu na stesheni.

"Shoga, wewe unaendesha makaburi," alisema. "Tena makaburi mazuri. Watu wanakuja kufagia kila siku."

"Wewe mwenyewe mbona huulizi?"

"Mimi? Nionekane sijui, miaka kumi na tano kazini? Kuuliza ni kumtwika mwenzio gunia. Lakini kumfundisha mtoto mdogo, nani atakataa? Hiyo si kubeba, hiyo ni kujisifu kwa adabu." Akavuta tambi. "Watafutie mtoto."

Muroi alikuwa anatania. Chizuru hakucheka, na hilo lingemtisha Muroi kama asingekuwa ameinamia bakuli.

Usami Ibuki alizaliwa Jumapili ya pili ya Desemba, akiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, chini ya blanketi la meza fupi yenye hita nyumbani kwa Chizuru, kati ya tonge la wali na kikombe cha chai. Mama yake alimzaa kwa hesabu. Ibuki alikuwa kibarua anayeshikilia nafasi za wauguzi walio kwenye likizo ya uzazi, leo shule hii, kesho ile, huko milimani. Kibarua, kwa sababu majina ya walioajiriwa hutoka gazetini kila masika pamoja na orodha ya uhamisho, na hakuna mwalimu mkoani asiyeisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama matokeo ya bahati nasibu. Vibarua hawaandikwi. Kibarua anaweza kuwepo bila kuwepo.

Swali lake la kwanza lilisomeka hivi: "Samahani sana kwa usumbufu. Mimi ni mgeni. Kuna mtoto anakuja kulala chumba cha afya kila Jumatatu, na hana homa. Nimuulize nini?"

Chizuru alilituma Jumatatu jioni, akaenda kuosha kikombe. Aliporudi majibu yalikuwa kumi na moja. La kwanza lilikuwa la Mwalimu Tsukuda, kama utaratibu unavyodai, na wengine nyuma yake kama vifaranga vya bata. Mwalimu Tsukuda aliandika: "Jumatatu usimuulize kitu, mfunike tu. Muulize Alhamisi akiwa mzima, mkiwa mnakunja mashuka pamoja." Chizuru alisoma mstari huo akakaa sakafuni. Miaka tisa aliyokuwa kazini hakuna aliyemwambia habari ya mashuka.

Basi Ibuki akauliza, na mkoa ukafunguka. Aliuliza juu ya mtoto anayetapika siku za mitihani, juu ya baba anayekataa mwanawe kupelekwa hospitali, juu ya msichana asiyekunja mikono ya shati hata kando ya jiko. Wakongwe waliokuwa kimya kama magogo waliandika kurasa. Walibishana. Mmoja alimtumia njia ya kupima homa ya mtoto mwongo. Wengine wakataka anwani yake wamtumie soksi za sufu na matunda ya persimoni yaliyokaushwa, maana milimani kuna baridi na maskini yuko peke yake.

"Mwanao anapendwa kuliko wewe," Muroi alimwambia kwenye simu, yeye pekee akijua siri. "Mimi mwenyewe nimemtumia ushauri, na najua hayupo."

Lakini mlango ulifunguka upande mmoja tu. Chizuru alidhani Ibuki akitangulia wengine watafuata. Hawakufuata. Waliona raha kujibu, na kuuliza wakamwachia mtoto. Kufikia Februari Ibuki alikuwa na maswali ishirini na sita, na watu mia mbili na kumi na wanne walikuwa na mawili yaleyale ya neno la siri. Bwana Shiozaki alijumlisha yote akapata ishirini na nane, akafurahi. Akaandika kwamba huyu Usami ni hazina, na kwamba kwenye kikao cha video cha Jumatano tarehe kumi na tisa angependa azungumze dakika kumi: baraza limemsaidiaje. Afungue kamera, tafadhali, wote wamwone.

Chizuru alimpigia Muroi.

"Vaa wigi," Muroi alisema.

"Kanae, sitanii."

"Basi muue. Sema kaolewa, kahamia kusini. Vijana wanaolewa kila siku."

Alikuwa bado anatafuta namna ya kumuua mwanawe bila kumwaga damu, zimebaki siku nane kabla ya kikao, Ibuki alipopata ujumbe wa pembeni. Ulitoka kwa Mwalimu Tsukuda.

"Mwanangu Ibuki, nisamehe kukuandikia faragha. Nina swali na sina wa kumuuliza, maana kila ninayemjua huniita mwalimu. Wewe hunijui hata uso. Katikati ya macho yangu pameingia doa. Mwezi uliopita nilipima macho ya darasa la tatu, kwa ule ubao wa pete zenye mwanya. Mtoto anasema mwanya uko juu, uko kushoto, nami namwambia vizuri. Mwanya siuoni, mwanangu. Ubao ule naujua kwa moyo, miaka thelathini na saba, ndiyo maana hakuna aliyegundua. Wiki iliyopita mtoto alipigwa mpira kichwani. Nikamulika tochi nione kama mboni zinalingana. Niliona ukungu wenye pua. Nikasema zinalingana, nikamrudisha darasani. Safari hii mtoto hakudhurika. Nastaafu mwisho wa Machi, zimebaki wiki saba. Ijumaa ya tarehe ishirini na moja shule nzima inakwenda mlimani kuteleza kwenye theluji, watoto mia na themanini, na muuguzi ni mimi. Ungekuwa wewe, ungenyamaza?"

Chizuru aliusoma mara tatu. Mara ya nne herufi zilikataa kusimama wima. Msichana wa gurudumu moja alikuja akakaa kando yake, anacheka, anasema haumwi.

Akajibu kwa jina la Ibuki, kwa sababu jina jingine hakuwa nalo mahali pale. Akamsihi aende kwa daktari wa macho, amwambie mwalimu mkuu, asiende mlimani. Jibu lilikuja upesi, la upole kama kawaida. Daktari alishamwona: doa haliponi haraka. Na mwalimu mkuu ni kijana aliyewahi kulazwa kwenye chumba chake cha afya, akiwa darasa la pili, ana surua, angemtazamaje? "Uliza wewe barazani, mwanangu. Wewe ukiuliza hakuna anayeona aibu."

Basi Ibuki akauliza mbele ya wote. Muuguzi ambaye macho yake hayaoni vizuri, na bado hajamwambia mtu, afanye nini?

Watu mia na thelathini walisoma. Dakika zikapita, ikafika nusu saa. Hakuna aliyejibu. Kila mmoja alikuwa anasubiri wa juu yake, na wa juu yao wote alikuwa ameketi mbele ya kompyuta shuleni kwake, amesogeza uso karibu uguse kioo, anasoma swali lake mwenyewe. Saa kumi na moja na robo Mwalimu Tsukuda akajibu. "Swali zuri, Usami. Muuguzi wa namna hiyo apumzike mapema, kwa ajili ya watoto." Nyuma yake wakaja paka hamsini na sita, wote wameinama, wote wamekubali.

Kisha, pembeni: "Umeona? Hata mimi nimejibu vizuri. Kujua si kazi. Kesho nitafungua mlango kama siku zote."

Chizuru hakula usiku ule, na kesho yake alikula kwa kusahau tu. Alianza barua ya kumwandikia Bwana Shiozaki akaifuta, maana swali la kwanza la Shiozaki lingekuwa amejuaje, na jibu la swali hilo lilikuwa Ibuki, na Ibuki akitajwa baraza limezikwa. Alianza barua isiyo na jina kwa mwalimu mkuu wa shule ya ng'ambo ya mto, akaona aibu ya kumwibia mtu siri yake kisha kuirusha dirishani. Jumatatu alipiga simu moja kwa moja shuleni. Mwalimu Tsukuda alipokea mwenyewe, akachangamka kumsikia, akauliza kama miguu yake bado inapata baridi. Nyuma ya sauti yake birika lilikuwa linachemka. Chizuru alifungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa "samahani kwa usumbufu," halafu kama mwalimu atahudhuria kikao cha Jumatano. Atahudhuria, mwalimu alisema, anatamani sana kumwona huyo binti. Simu ikakatika, na Chizuru akabaki ameishika, vilevile, mkono uleule.

Alimweleza Muroi yote. Safari hii Muroi hakutania.

"Sema," alisema.

"Nikisema, baraza limekufa."

"Limekufa mara ngapi hilo, shoga? Bibi anaenda mlimani Ijumaa."

Jumatano saa kumi na nusu walijiunga watu themanini na saba. Themanini na saba maana yake visanduku themanini na saba vyeusi vyenye majina, kwa sababu kwenye kikao chao kufungua kamera ni kama kuja msibani umevaa nyekundu. Kamera mbili tu zilikuwa wazi: ya Chizuru, na ya Bwana Shiozaki na tabasamu lake. Shiozaki alitoa shukrani kwa theluji kutokuwa nyingi sana. Akatoa shukrani kwa walioacha shughuli zao wakajiunga. Akasema maswali ni ishirini na tisa sasa, bado moja tu, na labda Usami atatupa la thelathini leo. Karibu, Usami.

Chizuru aliwasha maiki. Alikuwa ameandika kurasa mbili za kuomba radhi, za ngazi ya juu kabisa, zile ambazo mtu huinama mpaka paji la uso linanusa sakafu. Alipoziangalia hakuona neno hata moja linaloweza kumzuia mtu kupanda mlima.

"Usami hayupo," alisema. "Hajachelewa. Hayupo duniani. Maswali yote niliandika mimi."

Akaendelea kabla ujasiri haujamtoroka. Akawaeleza habari ya gurudumu moja na saa saba kasorobo, akataja simu aliyoiinua na kuirudisha, akataja sikio la kushoto. Hakumtaja aliyekuwa apigiwe. Akasema aliwatengenezea mtoto wa uongo kwa sababu alitaka waulizane, na badala yake amewafanya wamwambie mtoto wa uongo mambo ya kweli. "Kuna mtu alimwamini Ibuki kwa jambo zito," alisema. "Sitamtaja hapa. Lakini namwomba, kwa jina langu, asiende Ijumaa."

Sasa visanduku vikaanza kutoweka. Themanini na saba wakawa themanini, wakawa sabini na moja. Kila mmoja aliyeondoka aliondoka kimya, kama mtu anayevuta mlango wa karatasi asiamshe mgonjwa. Tabasamu la Bwana Shiozaki lilibaki mahali pake ila macho yalikuwa yamehama. Alisema jambo hili ni la kusikitisha, kwamba atalazimika kuandika taarifa, kwamba kuhusu Machi thelathini na moja hana shaka tena. Chizuru akasema ameelewa. Wakawa sitini na nne.

Kisha sanduku moja likawaka.

Lilijaa uso mzima, paji mpaka kidevu, maana mwenye uso alikuwa amesogea karibu mno atafute kitufe. Mwalimu Tsukuda. Wengi waliobaki hawakuwa wamemwona miaka mingi. Nywele nyeupe, miwani, na nyuma yake pazia la kitanda.

"Nagumo," alisema. Hakusema Bi, wala mwezeshaji. "Nilikaa wiki nzima nikitunga barua ile. Niliifuta mara nne. Nikamwandikia mtu nikidhani ni mtu."

"Mwalimu, sina la kujitetea."

"Sijakwambia ujitetee. Nilimfumia yule binti soksi. Kwa macho haya." Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti jeupe, akaivaa tena ingawa haikusaidia. "Na mchana ule, ulitaka kumpigia nani? Mimi?"

Chizuru alijaribu kusema, akaitikia kwa kichwa, akakumbuka kwamba mwenzake haoni. "Wewe, mwalimu."

"Nilikuwa ninakula wali na yai," Mwalimu Tsukuda alisema. "Mimi hula hivyo kila siku. Ningeuacha." Hakuna sanduku lililotoweka tena, labda kwa sababu hata kuondoka sasa kungekuwa kelele. "Haya. Wewe ni mwezeshaji, niwezeshe. Ninyi wengine mliobaki mmo, nawasikia mnavyopumua. Aliyemwandikia mtoto wa uongo ni mimi. Sioni katikati. Niliposhindwa kuona mboni za yule mtoto, pale pale, mkononi nina tochi, ilikuwa nifanye nini? Na usinijibu kama ofisi."

Tangu aache kazi Chizuru hakuwa amejibu swali hata moja kuhusu mtoto kwa jina lake mwenyewe.

"Ningeita mtu mzima yeyote aliye karibu," alisema, "hata mpishi. Ningempa tochi, nimwambie atazame, aseme anachokiona. Halafu ningeita gari la wagonjwa bila kungoja jibu lake. Na siku ileile, kabla ya kengele ya mwisho, ningemwambia mwalimu mkuu kwamba siwezi tena kazi hiyo peke yangu."

"Wewe ungemwambia?"

"Mwaka ule nisingemwambia, mwalimu. Leo ningemwambia."

Sauti ikaingia, ya mtu asiyefungua kamera, muuguzi wa shule ya pwani. Akaomba radhi kwa kuingilia. Akasema yeye sikio lake moja limepungua kusikia tangu majira ya kiangazi, na akisikiliza kifua cha mtoto humwomba mwalimu wa darasa ahesabu mapigo naye, akisingizia kwamba anamfundisha. Mwingine akauliza kama daktari ameshamwona, na ni jicho la upande gani. Mwingine tena akauliza kama kuna anayejua, yeye mikono yake inatetemeka asubuhi, je hilo nalo ni la kusema? Bwana Shiozaki alikuwa na kalamu mkononi. Haikusogea.

"Basi ngojeni," Mwalimu Tsukuda alisema. "Ofisi ya mwalimu mkuu ni mlango wa tatu. Nikikaa nitazeeka."

Akainuka. Kiti kikabaki kitupu kinazunguka kidogo, na nyuma yake vitanda viwili, na pazia, na dirisha lililojaa theluji. Ndara zake zikasikika zikiburuzwa koridoni, zikafifia.

Saa kumi na moja na nusu, wakati wa kikao kwisha, ilifika ikapita. Bwana Shiozaki akakohoa kwamba muda umekwisha, na hakuna aliyetoka. Akamtumia Chizuru ujumbe wa pembeni: taarifa ataiandika kama ilivyo, na baraza litafungwa, asitegemee vinginevyo. Chizuru aliusoma akauacha hapo. Wote waliobaki walikitazama kiti. Mtu mmoja aliyesahau kuzima maiki alikuwa anatafuna biskuti za mchele, na kwa mara ya kwanza kwenye historia ya mkoa ule hakuna aliyemwomba azime.

Zilipita dakika ishirini na mbili. Chizuru alikuwa ameng'ata kucha za mkono mmoja zote akihamia wa pili, ndara ziliposikika tena, na safari hii zilikuwa jozi mbili. Jozi ya pili ikasimama mlangoni, miguu tu na ncha ya suruali. Mwalimu Tsukuda akakaa, akapapasa mezani mpaka akapata ukingo. Macho yalikuwa mekundu, na sauti kavu.

"Nilipomwambia, mkuu alikaa chini," alisema. "Halafu akauliza jambo moja tu. Keshokutwa watoto mia na themanini, ataenda nao nani?"

Kimya kile wote walichokijua kikarudi, kikawakalia, kila mmoja anamsubiri wa juu yake. Wa juu yao wote alikuwa ndiye aliyeuliza. Chizuru akaanza kufungua mdomo aseme ataenda yeye, hata kama kibali chake cha kazi kimekwisha muda.

Sanduku la Muroi Kanae likawaka, mwenyewe kakumbatia blanketi kama mtu wa homa, nywele hazijachanwa.

"Shule yangu haina kitu Ijumaa ila mtihani wa kuandika, wakizimia watazimia kwa adabu," alisema. "Nitamuomba mkuu wangu ruhusa sasa hivi, na akikataa nitamuomba tena. Mwalimu, mwulize huyo aliyesimama mlangoni, basi linaondoka saa ngapi?"